Mluzi wa Salomon

Hemedi aliingia uani kwa Mama Louise akisukuma pikipiki. Injini aliizima chini mlimani, maana hakutaka kelele zake zimtangulie. Akamkuta Emilienne anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nguo yake ilikuwa ileile nyeusi, imefuliwa na kufuliwa mpaka ikawa rangi ya majivu. Emilienne alimwona, mchi ukasimama hewani, kisha ukashuka. Hakusema karibu. Aliendelea kutwanga, ila sasa kwa nguvu zaidi, na Hemedi, ambaye alitoka Kasongo gizani na alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, alijua kwamba hiyo ndiyo salamu yake. Akaridhika nayo.

Ukweli usemwe: safari hii hakufuata ndege wa msituni. Alikuja kumwomba mke kwa mama wa mume. Jambo hilo linamshinda hata mtu mwenye mdomo mwepesi, na mdomo wa Hemedi ulikuwa mzito tangu utotoni.

Mama Louise alitoka jikoni akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, kitambaa cha kichwa amekishusha mpaka kwenye nyusi.

"Umerudia tena," akasema. "Ndege za Kasongo ziliisha?"

"Ziko, mama. Ila hazipike sombe."

Mama Louise alikaribia kucheka, akajizuia. Alimpa kiti na maji ya kunywa, akaketi mbele yake, mikono magotini, akisubiri. Hakuwa mjinga. Mwanaume hapiti matope ya njia ile wakati wa mvua kwa sababu ya majani ya muhogo.

Kijiji kizima cha Wamaza kilimjua Hemedi. Nyuma ya mashamba ya mihogo kuna msitu ambao wazee waliufunga: hakuna shoka, hakuna bunduki, hakuna mtego. Ni hifadhi ya kijiji. Mara chache wanakuja wageni kuangalia ndege, mapadri, walimu, siku nyingine wazungu wenye jumeli za shingoni, zile darubini za macho mawili, na Hemedi ndiye anayewaleta kwa pikipiki na kuwaonyesha. Lakini Hemedi hakuzaliwa anawajua ndege. Alifundishwa na Salomon, mwana pekee wa Mama Louise, mlinzi wa kwanza wa msitu ule. Salomon alikuwa anaita ndege kwa mluzi, na ndege walikuwa wanakuja. Alikuwa rafiki yake. Alikuwa pia mume wa Emilienne.

Miaka mitatu iliyopita Salomon alipanda mtumbwi kuvuka mto Luama wakati maji yamejaa. Mtumbwi ulionekana chini huko umepinduka. Wenzake walionekana, wakazikwa. Yeye hakuonekana.

Na hapo ndipo shida ilipoanzia. Katika ukoo ule, mjane anatoka kilio siku watu wa mumewe wanapomnyoa, wanachoma nguo nyeusi, na kusema mbele ya watu wote kwamba wamemrudishia kichwa chake. Wembe unashikwa na mama wa marehemu, si mtu mwingine. Mama Louise alikataa kuushika. Alisema hanyoi mke wa mtu ambaye hajazikwa. Pasteri alimwomba, shangazi wakamwomba, chifu akamwita. Alikataa.

Hemedi alimeza maji, akaanza. Alisema vibaya, alirudia maneno, lakini alisema. Alisema anampenda Emilienne. Alisema hakumpenda wakati rafiki yake yuko, Mungu shahidi. Ilimjia baadaye, kidogo kidogo, kwa kumwona amekaa peke yake. Alisema nyumbani kwao Kasongo ilikuwa vita. Mama yake, Mama Amisa, alimaliza wiki nzima hamsemeshi, anampa chakula kama mpangaji. Watu walidhani ni kwa sababu Emilienne ni mkristo. Siyo. Mama Amisa alimwambia wazi mbele ya wajomba: "Mimi sikatae kanisa yake. Nakataa muke ya mutu. Unaenda kuoa ao kuiba?" Shehe naye alisema hivyohivyo kwa upole zaidi: watu wa mume wakishasema mume amekufa, mlete, tutawaozesha. Wasiposema, hakuna ndoa.

"Basi nimekuja kwako, mama," akamaliza. "Hata mama yangu amekutumia salamu. Anasema mwanamuke ni wako. Mupaka umuachilie."

Mchi ulikuwa umenyamaza zamani. Emilienne alisimama pale pale, mkono mmoja kwenye kinu, hamtazami mtu.

Mama Louise hakukasirika. Alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia jua, ambalo lilikuwa linagusa vichwa vya michikichi.

"Ungoje kidogo," akasema. "Utajibiwa."

Walingoja. Kuku walianza kupanda mtini. Moshi wa jikoni ulilala chini. Kisha kutoka ukingo wa msitu, pale njia inapoingia mashambani, ulikuja mluzi. Sauti mbili fupi, kisha moja ndefu inayopanda mwishoni, kama mtu anauliza. Hemedi alikuwa ameshausikia mara nyingi. Ulikuwa mluzi wa Salomon. Siyo kama wa Salomon: wenyewe, na ile pumzi ndogo katikati, kwa sababu ya jino lililovunjika. Ndivyo alivyokuwa anapiga kila jioni akitoka kazini, ili mkewe ajue atenge chakula.

Mluzi ulirudia. Mama Louise aliinuka, akaenda jikoni, akatoka na sahani ya ugali na samaki, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka kando ya mlango. Kila siku alifanya hivyo. Asubuhi chakula kililiwa na kuku.

"Umesikia mwenyewe," akasema. "Mwenye muke anauliza chakula. Nitamunyoa je?"

Hapo Hemedi alifanya lile alilojiapiza njiani kwamba hatalifanya.

"Mama," akasema, "ile ni ndege."

Hemedi alieleza haraka, akiogopa kukatwa. Kuna ndege mdogo wa vichakani, mgongo mweusi, tumbo rangi ya matofali, juu ya kichwa mweupe kama amemwagiwa unga. Kazi yake ni kuiga. Anaiga kipanga, anaiga chura, anaiga mbuzi aliyepotea. Kichaka chake kiko hapo njiani. Alimsikia Salomon jioni zote zile akaushika mluzi wake. Yeye Hemedi alimwona kwa macho, zaidi ya mara moja.

"Mwana wangu unamuita ndege," Mama Louise alisema polepole.

"Hapana, mama. Nasema ndege inamuita mwana wako."

"Nionyeshe."

"Kesho asubuhi. Inaimba pia asubuhi. Nitakupa jumeli uangalie na macho yako."

Mama Louise aliingia ndani, akafunga mlango. Alilala bila kula.

Emilienne alimkuta Hemedi kando ya pikipiki, anatandika mkeka wake chini ya upenu, kabla giza halijashika sawasawa. Alisimama mbali kidogo, kama mwanamke wa kilio anavyopaswa. Hata hivyo Hemedi alisikia harufu ya sombe mikononi mwake, na hilo peke yake lilimfanya asahau alichotaka kusema.

"Nani alikutuma umuambie?" Emilienne aliuliza. Sauti ilikuwa chini, lakini ilikuwa na moto. "Yule mama haiko na mutoto mwingine. Haiko na mujukuu. Iko na ile mluzi tu. Unakuja na pikipiki yako unamunyanganya."

"Na wewe? Uko na nini?"

Emilienne alitazama upande wa msitu, na Hemedi akatazama shingo yake, mahali kola ya nguo nyeusi ilipoacha alama. Kwa miaka mitatu hakuwahi kumgusa hata kidole. Kuna siku walishika ndoo moja kisimani, mikono ikawa karibu, wote wawili wakaiachia, maji yakamwagika. Walicheka siku nzima kila mmoja kwake. Ndiyo mapenzi yao yote hayo, ukitaka kuyahesabu.

"Nakuuliza," Hemedi alisema. "Wewe unajua ni ndege ao hujue?"

"Muchana najua," Emilienne alisema. "Jua likiwaka najua kabisa, hata nacheka. Jioni sijue tena. Jioni miguu yangu inasimama yenyewe, inataka kwenda kufungua mulango." Akavuta kola ya nguo. "Ukinioa, Hemedi, jioni nitafanya nini?"

Akaondoka kabla hajajibiwa.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Walikwenda watatu: Hemedi mbele, Mama Louise katikati na fimbo, Emilienne nyuma. Walipofika penye kichaka, Hemedi aliwaonyesha ishara wakae juu ya mti ulioanguka. Alimvalisha Mama Louise jumeli shingoni. Mama aliishika kinyumenyume, akasema msitu umekimbia mbali sana. Hemedi aliigeuza. Alimfundisha kama Salomon alivyomfundisha yeye: kwanza uone kwa macho yako, usitoe macho kwenye kile kitu, kisha uinue kioo polepole mpaka kiingie chenyewe. Kuangalia ndege si kutafuta, Salomon alikuwa anasema. Ni kukaa mpaka wakusahau.

Walikaa mpaka umande ukapenya nguo. Kichaka kilikuwa na sauti nyingi, kila moja na mwenyewe. Kisha ikaja ile. Mbili fupi. Moja ndefu.

Emilienne alishika gome la mti kwa vidole vyote.

"Pale," Hemedi alinong'ona. "Chini ya majani makubwa, kwenye kamba ile inayoning'inia. Kichwa cheupe."

Mama Louise aliinua jumeli. Akakaza viwiko mbavuni. Alitafuta. Akatulia. Mluzi ukaja tena, na Hemedi, ambaye alikuwa anamtazama mama na si ndege, aliona midomo yake ikifunguka. Alikuwa anaona koo dogo likivimba. Alikuwa anaona mdomo mdogo ukifunguka na sauti ya mwanawe ikitoka humo.

Alitazama kwa muda mrefu sana. Machozi yalipita chini ya vioo, akayaacha.

"Haimujue hata," akasema mwishoni. "Inamuita, lakini haimujue."

"Ndiyo, mama."

"Inaimba tu."

"Ndiyo, mama."

Alishusha jumeli. Uso wake ulikuwa umezeeka asubuhi ileile. Kisha akamgeukia Emilienne, na kwa mara ya kwanza tangu maji ya Luama, alimwita jina lake la nyumbani, Emi. Alimwambia Jumapili baada ya ibada wataita watu. Wembe atashika mwenyewe. Nguo atazichoma mwenyewe. Alisema hivyo kavu, kama mtu anayepanga kazi ya shamba, akaegemea fimbo, akainuka, akaanza kushuka njia peke yake bila kungoja kushikwa mkono.

Emilienne alibaki ameketi. Alikuwa analia bila sauti, na katikati ya kulia akamtazama Hemedi usoni, macho kwa macho, sawasawa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mwanaume angeweza kuishi na mtazamo ule miaka mingi. Hemedi alitaka kupiga magoti.

Badala yake, kwa mazoea tu ya kazi, kwa sababu ndege alikuwa bado pale na jumeli ilikuwa imebaki juu ya mti, aliiokota akaangalia.

Afadhali angeiacha.

Ndege alikuwa wazi kabisa kwenye kioo. Kichwa cheupe, ndiyo, lakini weupe wenyewe ulikuwa haujakamilika. Na mgongoni na mabegani alikuwa na madoa, yale madoa ya rangi ya kutu ambayo watoto wa ndege hawa wanavaa kabla hawajabadili manyoya. Yule aliyekuwa amemwona siku zote alikuwa mzee, hana doa. Huyu alikuwa kinda la mwaka huu. Alitoka kwenye yai wakati Salomon ameshapotea siku nyingi.

Na alikuwa anapiga mluzi wa Salomon, na pumzi yake katikati.

"Una nini?" Emilienne aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Hemedi."

Angeweza kunyamaza. Mwanamke alikuwa wake, Jumapili ilikuwa imetajwa, mama yake kule Kasongo sasa hangekuwa na la kukataa. Neno moja tu la uongo, au hata bila neno, kutikisa kichwa kungetosha. Alijua hivyo. Alijua pia kwamba angelala na uongo ule kila usiku, katikati yao, kama mtu wa tatu.

Akamwambia. Alimwonyesha madoa. Alisema labda mtoto amejifunza kwa baba yake. Ndivyo wanavyofanya, mzee anaiga, mtoto anamuiga mzee. Alisema karibu ni hakika.

"Karibu," Emilienne alisema.

"Karibu."

"Ao kuna mutu mahali ambaye anapiga ile mluzi mupaka leo."

Msitu ule ni mkubwa. Unapita mashamba, unapita vilima, unateremka mpaka Luama kwenyewe. Mtu akigongwa kichwa na mti majini, akatoka ng'ambo hajui jina lake, anaweza kuishi huko kwa asali na samaki. Watu wanasimulia mambo kama hayo. Hemedi hakuyaamini. Lakini alijikuta anasikiliza.

Emilienne alijifuta uso kwa kiganja. Alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Salomon akipiga mluzi njiani, yeye alikuwa anajibu. Wanawake hawapigi mluzi, mama mkwe angemfukuza, basi alikuwa anasubiri akiwa jikoni peke yake, anauficha kwenye kelele za mafuta. Mluzi mmoja mrefu, unashuka. Na Salomon akiusikia, alikuwa anapiga wa mwisho, mfupi mfupi mara tatu, lakini huo alikuwa anaupiga mlangoni tu, chini kabisa, kwenye sikio lake. Hakuna ndege aliyewahi kuusikia.

"Tangu siku ile ya Luama sijamujibu," akasema. "Mutu wa kilio hapigi mluzi. Inawezekana ndiyo maana anauliza kila siku."

"Emi, usifanye."

Lakini alikuwa ameshasimama. Alivuta kitambaa cheusi nyuma, akageukia kule msitu unakoteremka mtoni, akachongoa midomo, na akapiga. Mwanzo hewa tu ilitoka. Akalowesha midomo, akapiga tena: mmoja, mrefu, unaoshuka, mzuri mpaka ulimwuma Hemedi kama jino, kwa sababu alielewa kwamba hakuna kitu kama hicho ambacho yeye atawahi kupigiwa.

Ndege wote walinyamaza.

Walisubiri. Maji yalidondoka kwenye majani. Mbele kidogo kwenye njia, Mama Louise alikuwa amesimama, alikuwa amesikia. Hakugeuka. Hemedi alijikuta anaomba, na hakujua anaomba nini, ule mluzi mfupi wa mara tatu uje au usije, maana Salomon alikuwa rafiki yake na yeye alikuwa anamtamani mke wake, na yote mawili yalikuwa kweli.

Haukuja.

Emilienne alipiga mara ya pili, kwa sauti kubwa, mpaka kifua kikatetemeka. Akasubiri tena, shingo ameinyoosha, macho amefumba.

Ndipo kichakani, karibu nao kabisa, kukaanza sauti ndogo, inayumba, kama mtoto anayejaribu viatu vya mtu mzima. Mmoja, mrefu, unashuka. Kinda lilikosea, likaacha, likarudia. Mara ya tatu lilikuwa limeupata. Kisha likapiga ule wa zamani, mbili fupi na moja ndefu inayouliza, na bila kupumzika likapiga huu mpya juu yake. Akauliza, akajibu. Akauliza, akajibu. Sauti ya Salomon na sauti ya Emilienne, kwenye koo moja dogo lenye madoa.

Hemedi alimtazama Emilienne, akitegemea aanguke. Hakuanguka. Alikuwa anasikiliza kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza majirani wakizungumza nyuma ya ukuta.

"Sasa Salomon iko na muke wake humu ndani," akasema. "Anamujibu. Mimi naweza kwenda."

Mbele yao Mama Louise alikaza kitambaa chake cha kichwa, akaendelea kuteremka. Emilienne alinyoosha mkono nyuma bila kumtazama Hemedi, vidole wazi, na yeye akaushika. Ulikuwa baridi, umelowa umande na machozi. Walitembea hivyo, yeye mbele na Hemedi nyuma, mpaka mihogo ikaanza, na njia nzima sauti zile mbili ziliitana msituni, na kila zilipoitana, vidole vya Emilienne vilikaza kidogo kwenye vyake, kisha vikalegea, lakini havikuachia.